ELIMU: Yapime haya kabla ya kumtoa mwanao shuleni umfunzie nyumbani

Na MWANDISHI WETU

KILA shule zinapokaribia kufunguliwa, wazazi wengi nchini hukuna vichwa wakiwazia karo, sare, vitabu na nauli. Miongoni mwao, hata hivyo, wamo wanaowaza jambo jingine kabisa. Je, ni lazima mtoto arudi shuleni? Kwa nini asisomee nyumbani, chini ya uangalizi wa wazazi wake?

Zamani swali hili lilidhaniwa kuwa la wamishonari na wageni waliokuja nchini kwa kandarasi za muda mfupi. Siku hizi huulizwa na mwalimu aliyestaafu Nakuru, mhasibu wa Nairobi na mfanyabiashara wa Mombasa.

Janga la Covid-19 lilichangia pakubwa kulieneza swali hilo. Shule zilipofungwa Machi 2020, sebule ziligeuka madarasa. Wanafunzi wa Gredi ya 4, Darasa la Nane na Kidato cha Nne walirejea Oktoba 12, 2020, nao wenzao wakasubiri hadi Januari 4, 2021. Kwa miezi hiyo yote, watoto walitegemea vipindi vya redio na runinga vya Taasisi ya Ukuzaji Mitaala nchini (KICD), simu za wazazi, na subira ya yeyote aliyekuwa nyumbani.

Baadhi ya wazazi waligundua kwamba mtoto waliyeambiwa ni mzito wa kuelewa alielewa vyema alipofafanuliwa taratibu. Wengine waligundua kwamba ualimu si lelemama, wakawaonea walimu imani.

Makala haya hayanuii kumvuta mzazi upande huu wala ule. Yanakusudia kumwonyesha mambo ambayo yamewakwaza wengi kwa kuwa waliyafikiria wakiwa wamechelewa.

Maana ya elimu ya nyumbani

Kumfunza mtoto nyumbani si jambo geni katika jamii zetu. Kabla ya shule za kisasa, mtoto alijifunza kilimo, ufugaji, uvuvi, tiba na adabu kwa wazazi, nyanya na babu zake. Katika mwambao wa Pwani, watoto walisomea Kurani vyuoni, mara nyingi barazani kwa mwalimu wa mtaa. Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu.

Hata hivyo, elimu ya nyumbani inayozungumziwa leo ni zaidi ya malezi. Si kumsaidia mtoto kazi ya ziada jioni, wala si kumwitia mwalimu wa Hisabati Jumamosi. Ni mzazi kulibeba jukumu zima la shule: kuchagua mtaala, kupanga ratiba, kufundisha, kusahihisha, kutathmini na kuweka kumbukumbu, mwaka baada ya mwaka.

Wapo wanaofuata mtaala wa Kenya nyumbani. Wapo wanaotumia mtaala wa Uingereza, ambao kilele chake ni mitihani ya IGCSE. Wengine hutumia mitaala ya Kikristo kutoka Marekani, kama vile Accelerated Christian Education (ACE), ambapo mwanafunzi husoma vijitabu kimoja baada ya kingine kwa kasi yake mwenyewe. Kila njia ina mlango wake wa kutokea, na milango hiyo haiishii pahali pamoja.

Sheria yasemaje?

Hapa ndipo mzazi anapofaa kuanzia, ingawa wengi hupaacha mwisho.

Kifungu cha 53 cha Katiba ya mwaka 2010 kinasema kila mtoto ana haki ya elimu ya msingi, bila malipo na kwa lazima. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ikaifafanua lazima hiyo. Sehemu ya 30 ya sheria hiyo inamtaka kila mzazi ahakikishe mwanawe anahudhuria masomo kwa ukawaida katika shule, au katika taasisi nyingine iliyoidhinishwa na Waziri wa Elimu. Anayekaidi hutenda kosa ambalo adhabu yake ni faini au kifungo. Aidha, sheria hiyo inakataza mtu kutoa elimu ya msingi kabla ya kusajiliwa.

Sheria hiyo haikuweka utaratibu wa mzazi kuisajili sebule yake kuwa mahali pa kutolea elimu ya msingi.

Mwaka 2019, wazazi wanaounga mkono elimu ya nyumbani walielekea katika Mahakama Kuu jijini Nairobi. Walilalamika kwamba kumshurutisha mzazi ampeleke mtoto katika taasisi kunakiuka haki zao za kikatiba, wakaitaka mahakama ibatilishe sehemu za 28 na 30 za Sheria ya Elimu ya Msingi. Mwaka 2021 mahakama hiyo ililitupilia mbali ombi lao.

Mataifa mengine yamechukua mikondo tofauti. Nchini Afrika Kusini, sheria ya shule ya mwaka 1996 inamruhusu mzazi kumsajili mwanawe kwa wakuu wa elimu wa mkoa ili asomee nyumbani. Nchini Uingereza, sheria ya elimu ya mwaka 1996 inamtaka mzazi ampe mtoto elimu inayomfaa, shuleni au kwa njia nyingine. Marekani inaruhusu elimu ya nyumbani katika majimbo yake yote 50, japo masharti hutofautiana. Ujerumani, kwa upande wake, inashikilia kuwa mtoto sharti aende shuleni, na mwaka 2006 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilikataa malalamishi ya wazazi waliopinga msimamo huo.

Mzazi wa Kenya basi asiige aliyoyasoma kuhusu familia ya Texas au London akadhani sheria ni moja.

Ni kweli kwamba zipo familia nchini zilizofunzia watoto nyumbani kwa miaka mingi bila kubughudhiwa na yeyote. Lakini kutobughudhiwa si sawa na kuruhusiwa. Siku jirani atakapopiga ripoti, au chifu atakapobisha hodi kuuliza mbona mtoto hajaenda shuleni, mzazi hatakuwa na cheti cha kumwonyesha. Anayetaka kufuata njia hii atafute kwanza ushauri wa wakili, na aulize katika ofisi ya mkurugenzi wa elimu wa kaunti au kaunti ndogo yake.

Chunguza kiini cha tatizo

Swali la pili ni hili: Ni kitu gani hasa kinachokukimbiza shuleni? Aghalabu jibu la kweli huonyesha kwamba tatizo lina dawa nyingine iliyo karibu zaidi.

Kama ni karo ya shule ya kibinafsi iliyokulemea, jambo la kwanza ni kutazama shule za umma. Elimu ya msingi bila malipo ilianza Januari 2003, na mwaka huo zaidi ya watoto milioni moja ambao hawakuwa shuleni walijitokeza kusoma. Msongamano upo, na ada ndogondogo hazijaisha, lakini mtoto aliye katika darasa lenye wanafunzi wengi bado yumo katika mfumo.

Kama ni usalama, wasiwasi wako una msingi. Taifa halijasahau mkasa wa Shule ya Upili ya Kyanguli, Machakos, Machi 2001, ambapo wavulana 67 waliteketea bwenini. Wala halijasahau mkasa wa Hillside Endarasha, Nyeri, Septemba 2024, uliowaua watoto 21. Lakini hofu ya bweni inatibiwa na shule ya kutwa. Si lazima itibiwe kwa kuihama shule kabisa.

Kama ni viboko au uonevu, fahamu kwamba adhabu ya viboko ilipigwa marufuku katika shule za Kenya mwaka 2001. Mzazi ana haki ya kulalamika kwa mwalimu mkuu, kwa bodi ya shule, kwa Tume ya Huduma kwa Walimu (TSC) au kwa afisa wa watoto. Ikishindikana, ahamishe mtoto.

Kama ni alama duni, mpeleke mtoto akapimwe macho na masikio kabla ya kumlaumu mwalimu. Wapo watoto waliokaa nyuma ya darasa miaka mitatu wakiitwa wavivu, kumbe hawaoni ubao. Wapo pia wenye matatizo ya kutambua herufi, ambao huhitaji mbinu maalum popote watakaposomea.

Zipo sababu ambazo dawa hizi haziwezi kuziondoa. Kuna mtoto mgonjwa anayelazwa hospitalini kila mara, kuna mzazi ambaye kazi yake humhamisha kila baada ya miezi michache, kuna familia ambayo imani yake inataka malezi ya aina fulani, na kuna kijana ambaye mazoezi ya tenisi au muziki humchukua nusu ya siku. Wazazi wa namna hii wana la kufikiria kwa kina. Aliyekasirishwa na barua moja ya mwalimu mkuu atulize hasira kwanza.

Mlango wa mitihani

Pengine hakuna jambo lililobadilika zaidi katika suala hili kuliko mitihani, na wazazi wengi hawajalitambua.

Chini ya mfumo wa 8-4-4, mtu angeweza kusomea popote, kisha akajisajili kama mtahiniwa wa kibinafsi na kuufanya mtihani wa mwisho. Mtihani haukuuliza alisomea wapi. Aliyefaulu alipata cheti sawa na cha mwenzake aliyekaa darasani miaka yote.

Mfumo huo unafika ukingoni. KCPE ya mwisho ilifanywa mwaka 2023, nayo KCSE ya mwisho ya mfumo wa 8-4-4 imepangiwa mwaka 2027. Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, hauhesabu mtihani mmoja tu. Unakusanya alama za mtoto njiani.

Mwanafunzi anayemaliza Gredi ya 9 huwekewa asilimia 20 ya alama kutokana na tathmini ya Gredi ya 6 (KPSEA), asilimia 20 kutokana na tathmini zinazofanywa shuleni akiwa Gredi ya 7 na ya 8, na asilimia 60 kutokana na mtihani wa KJSEA, uliofanywa kwa mara ya kwanza mwaka 2025. Alama hizo ndizo hutumiwa kumpangia shule ya sekondari pevu.

Tathmini za shuleni hufanywa na walimu na kupelekwa kwa Baraza la Kitaifa la Mitihani (Knec) kupitia kwa shule. Mtoto asiye na shule hana wa kumpelekea alama. Hivyo basi, mzazi anayemtoa mwanawe katika Gredi ya 7 akinuia kumrudisha afanye mtihani wa Gredi ya 9 atakuwa amemkosesha sehemu ya alama ambazo hazipatikani siku ya mtihani hata mtoto awe hodari vipi.

Ndiyo maana baadhi ya familia huchagua mtaala wa kigeni. Mitihani ya IGCSE hukubali watahiniwa wa kibinafsi, nao hujisajili katika vituo vilivyoidhinishwa. Lakini mzazi azingatie mambo mawili. Kwanza, mitihani hiyo hulipiwa kwa kila somo, na bei yake si ya kuchezea. Pili, anayerejea katika mfumo wa Kenya akiwa na cheti cha nje hulazimika kukipeleka Knec kilinganishwe na vyeti vya hapa, na vyuo huwa na masharti yake ya kuwapokea watu wa namna hiyo.

Iwapo ndoto ya mtoto ni udaktari, uhandisi au ualimu katika chuo kikuu cha umma, piga hesabu kutoka mwisho ukirudi mwanzo. Uliza chuo hicho kinataka nini, kisha utazame kama njia unayoichagua leo inafika huko. Wengi huanza na Gredi ya 1 wakisema ya mbele watayaona mbele. Mtoto akifika miaka 14 ndipo hugundua kuwa barabara ina ukuta.

Nani atafunza, na saa ngapi?

Watetezi wa elimu ya nyumbani husema mtoto mmoja akifunzwa na mtu mmoja huenda kwa kasi kuliko darasani. Wanasema kweli. Nyumbani hakuna kuita majina wala kusubiri madaftari 50 yasahihishwe. Somo ambalo shuleni huchukua kipindi kizima, nyumbani laweza kueleweka kwa dakika 15 na muda uliobaki ukatumiwa kusoma hadithi au kupalilia bustani.

Lakini kasi hiyo huja kwa sharti kwamba kuna mtu mzima ambaye kazi yake ya asubuhi ni hiyo tu.

Chukulia mfano wa mama mwenye watoto watatu, mmoja Gredi ya 2, wa pili Gredi ya 5 na wa tatu Gredi ya 8. Wa kwanza anahitaji akaliwe karibu akijifunza kusoma. Wa pili ameshikilia sehemu za Hisabati na anataka kufafanuliwa. Wa tatu ana masomo tisa, yakiwemo Sayansi Jumuishi, Masomo ya Kiufundi, Kilimo, na Sanaa na Michezo. Shuleni watatu hawa wangehudumiwa na walimu wengi tofauti. Nyumbani ni mama mmoja, mwenye chungu jikoni na simu inayolia.

Wazazi wengi huweza kufundisha hadi Gredi ya 3 bila shida kubwa. Matatizo huanza baadaye, mtoto anapohitaji maabara, karakana na mtu aliyebobea katika fani. Mzazi ajiulize kwa unyofu: Je, naweza kufafanua mgawanyo wa seli? Je, Kiswahili changu cha sheng kitamfaa mtoto katika insha? Mimi mwenyewe husoma vitabu, au humwambia tu mtoto asome?

Anayeajiri mwalimu wa kuja nyumbani ahakikishe amesajiliwa na TSC, na asimwachie mtoto kana kwamba amemwachia yaya. Bado mzazi ndiye msimamizi.

Gharama isiyoonekana

Wapo wanaodhani elimu ya nyumbani ni rahisi kwa kuwa haina karo wala sare. Vitabu vya kiada vilivyoidhinishwa na KICD hupatikana madukani, na taasisi hiyo ina maktaba ya masomo katika intaneti, Kenya Education Cloud. Kwa hesabu ya vitabu pekee, mzazi huonekana kuokoa pesa.

Gharama kubwa imo katika mshahara unaoachwa. Mzazi aliyekuwa akipata Sh30,000 kwa mwezi akiacha kazi ili afunze, familia itakuwa imejinyima Sh360,000 kwa mwaka. Kwa kawaida anayeacha kazi ni mama. Mume na mke wazungumze waziwazi kuhusu jambo hili: nani ataacha nini, kwa miaka mingapi, na akitaka kurudi kazini itakuwaje.

Ongeza umeme, data, karatasi, vifaa vya majaribio na nauli ya kumpeleka mtoto maktabani au uwanjani kukutana na wenzake. Fauka ya hayo, kuna mtihani utakaolipiwa mwishoni.

Mtoto na wenzake

Hoja inayotajwa mara nyingi dhidi ya elimu ya nyumbani ni kwamba mtoto hukua mpweke. Hoja hii haina uzito sawa kwa kila familia. Mtoto wa mtaa wenye uwanja, binamu wengi na shule ya Jumapili au madrasa huenda asikose marafiki. Mtoto wa ghorofa ya tano ambaye dirisha lake linatazamana na ukuta atakuwa na hali tofauti.

Shuleni mtoto hujifunza kusubiri zamu, kushindwa mbio bila kulia, kugawana dawati na mtu asiyempenda, na kusikiza Kiswahili cha lafudhi nyingine. Aghalabu ndiko anakokutana kwa mara ya kwanza na mwana wa kabila au dini isiyo yake. Mzazi anayemtoa huko hana budi kumtafutia mambo hayo kwingine kwa makusudi, kwa mfano katika timu ya kandanda, kwaya, skauti au makundi ya familia nyingine.

Kuna jambo jingine lisilotajwa sana. Kwa watoto wengi, mwalimu ndiye mtu wa kwanza nje ya familia kutambua kwamba mtoto ana njaa, ana alama za kipigo au amebadilika ghafla. Mtoto anayesomea nyumbani anahitaji mtu mzima mwingine anayemwona mara kwa mara na ambaye anaweza kumweleza lolote, awe shangazi, mjomba au kiongozi wa dini.

Watoto wenye mahitaji maalum

Kwa mzazi wa mtoto mwenye usonji, ulemavu wa viungo au ugonjwa wa kudumu, nyumbani huenda pakawa ndipo mahali pa pekee panapowezekana. Hapa sera ya serikali ni laini kidogo. Sera ya mwaka 2018 kuhusu elimu ya wanafunzi wenye ulemavu inatambua kwamba wapo wasioweza kufika shuleni na wanaohitaji kufuatwa nyumbani.

Hatua ya kwanza kwa mzazi kama huyo ni kumpeleka mtoto katika kituo cha tathmini na ushauri wa kielimu (EARC) kilicho karibu naye. Huko mtoto hupimwa na mzazi kuelekezwa, iwe ni shule maalum, kitengo maalum katika shule ya kawaida, au mafunzo ya nyumbani. Barua ya kituo hicho humwondolea mzazi lawama ya kumficha mtoto.

Kukaa nyumbani si kusoma nyumbani

Wasiwasi mkubwa wa wengi wanaopinga elimu ya nyumbani haumhusu mzazi aliyejipanga. Unahusu mzazi atakayelitumia jina hilo kama pazia.

Msichana wa miaka 12 anayesemekana kusomea nyumbani lakini ndiye apikaye, afuaye na kumlea mtoto mchanga, hasomi. Mvulana anayeshinda malishoni na kufungua daftari usiku akisinzia, hasomi. Janga la 2020 lilitufunza hilo: shule zilipofunguliwa, kuna wasichana waliorudi wakiwa wajawazito na kuna waliokuwa wameozwa. Kuna wavulana waliokuwa wamezoea pesa za bodaboda na mawe ya matimbo, wakakataa kurudi.

Kila mzazi hujiona kuwa hayumo katika kundi hili. Dawa ya kujidanganya ni kumbukumbu zilizoandikwa. Ukiulizwa leo mtoto amejifunza nini wiki iliyopita, waweza kufungua daftari ukaonyesha? Kama huwezi, basi mtoto anakaa tu nyumbani.

Jaribu kwanza wakati wa likizo

Mzazi ambaye bado moyo wake unavutwa huko ana njia ya kujipima bila kumtoa mtoto shuleni wala kuvunja sheria. Likizo za Aprili na Agosti zipo.

Chagua wiki mbili za likizo. Panga ratiba ya asubuhi, Jumatatu hadi Ijumaa, ya masomo matatu ambayo mtoto ameyasoma muhula uliopita. Mfundishe mwenyewe. Sahihisha kila siku. Andika alichoelewa na kilichomshinda. Alasiri mwache acheze kama watoto wengine, maana likizo ni yake.

Mwisho wa wiki ya pili, jibu maswali haya kwa maandishi, wewe na mwenzako:

1. Tulifunza siku ngapi kati ya kumi, na zilizokosekana zilikoseshwa na nini?

2. Sauti yangu ilikuwaje siku ya kwanza, na ilikuwaje siku ya kumi?

3. Mtoto mwenyewe anasemaje? Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inataka maoni yake yasikizwe kulingana na umri wake, na mtu anayetaka kumbadilishia maisha hapaswi kungoja sheria imkumbushe.

4. Ni mtihani gani atakaoufanya mwishoni, katika kituo gani, na kwa pesa za nani?

5. Nikiugua au nikifa, nani ataendelea?

6. Akitaka kurudi shuleni baada ya miaka miwili, atapokelewa Gredi gani, na kwa rekodi zipi?

Anayeshindwa kulijibu swali la nne na la sita hajawa tayari, hata kama wiki hizo mbili zilikuwa tamu. Masomo ya likizo yanaweza kupendeza sana na bado yasimfikishe mtoto popote.

Kwa wale watakaoamua kumwacha mtoto shuleni, jaribio hilo halitapotea bure. Watakuwa wamemjua mtoto wao kama mwanafunzi: anaposhindwa hunyamaza au hulia, anapoelewa hucheka au huomba zaidi. Watarudi kwa mwalimu wakiwa na la kumwambia, na mwalimu mwenye wanafunzi 50 atashukuru kulisikia.

Na kwa wale watakaoamua vinginevyo baada ya kuyapima yote, wahifadhi cheti cha kuzaliwa, ripoti zote za shule na nambari ya mtoto ya utambulisho katika mfumo wa Wizara ya Elimu. Waagane na mwalimu mkuu kwa heshima. Huenda siku moja wakahitaji kubisha hodi ofisini mwake tena, wakiwa wamemshika mtoto mkono.